Pingamizi la Nyumba ya Matanga

Kosa la kwanza ni langu, nalisema mwenyewe kabla watu hawajanisemea. Mimi Bupe, mtoto wa Tukuyu, muuza dakika za simu katikati ya Durban, ndiye niliyemwambia yule kijana wa Kizungu mwenye kibao cha kuandikia kwamba nyumbani kwa Kidawa tunakaa sote. Na sote siku ile tulikuwa watu thelathini na sita.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga. Shaweji, mume wa Kidawa, alikuwa dereva wa malori, akichukua makontena bandarini na kuyafikisha hadi Lubumbashi. Jumapili moja ya Februari, mwaka tisini na nane, Hardy, Mkongo aliyekuwa akipokezana naye usukani, alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Kidawa, iko habari mubaya," alisema. "Shaweji ametuacha. Accident, kule Kongo, ng'ambo ya Kasumbalesa. Baislamu ba kule balimuzika siku ile ile."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Maiti ya Mwislamu haicheleweshwi, hilo hata sisi Wakristo wa Moravian tunalijua. Kidawa alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akauliza kama marehemu alipata mtu wa kumwosha vizuri. Hardy akasema alipata. Akalia sana Hardy, machozi na kamasi, mpaka mimi ndiye niliyempa kitambaa. Nikikikumbuka kitambaa kile hadi leo damu inanichemka.

Basi tukaweka matanga. Watanzania wa Durban walikuja, Wakongo wakaja, mikeka sebuleni, magodoro vyumbani, turubai uani kwa wanaume, na viatu vimerundikana mlangoni kama vya mnadani. Ndipo kijana yule akaingia na futi yake na kibao chake. Nilidhani ni mtu wa kazini kwa Shaweji amekuja kutoa pole, nikampa sahani ya pilau. Akala, simnyimi haki yake, akamaliza yote. Kisha akauliza kwa Kiingereza ni wangapi wanaokaa humu. Sasa kwetu msibani hakuna anayejiita mgeni. Umelala mkekani siku tatu, umepika, umelia, halafu useme umekuja kutembea? Nikamjibu kifua mbele kwamba tunakaa sote. Akauliza kama tunachangia chochote. Nikamwambia ndiyo, kila mmoja anatoa alicho nacho. Akaandika, akapima kuta, akahesabu magodoro, akashukuru kwa chakula, akaenda zake.

Nyumba yenyewe iko Montclair, juu kidogo ya viwanda vya Mobeni. Vyumba viwili, sebule, jiko na ua mdogo wa nyuma, basi. Waliinunua mwaka tisini na sita kwa mzee mmoja aliyekuwa anawafuata watoto wake Australia. Nusu ya pesa ilikuwa ya Shaweji. Nusu nyingine ilikuwa ya Kidawa, yaani dhahabu yake yote aliyotoka nayo Pemba, na miaka mitatu ya kuuza vitumbua alfajiri kwenye mageti ya viwanda vya Jacobs. Ndiyo maana hati ina majina mawili. Mtoto hawakujaliwa. Shaweji alipoondoka, kilichobaki duniani chenye jina la Kidawa kilikuwa nyumba ile.

Akakaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hapaki wanja, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura. Kidawa alizidisha. Hata bombani uani alikwenda na ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nampelekea unga na sukari kila Jumamosi, na kila Jumamosi tuligombana.

"Da Kidawa, angalau kaa kibarazani upate hewa."

"Shaweji hakuwahi kulala njiani bila kunipigia simu," alinijibu. "Siku mia na thelathini zitanishinda, mdogo wangu, kwa mtu kama yule?"

Nikamimina sukari mkebeni. Mtu akimsifu marehemu wake huna la kusema, hata kama wewe uliwahi kumwona marehemu huyo akiwabania wenzake senti za chai.

Jumatano moja ya Mei nilipita kwake nikitoka kazini. Nikaona bahasha tatu zimesimamishwa kabatini kati ya vikombe, hazijafunguliwa, zina muhuri wa ofisi ya mji.

"Hizi za lini?"

"Za Kizungu hizo. Zinangoja eda iishe."

Nikafungua ya juu. Nikasoma. Nikarudia, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Mji ulikuwa umekadiria upya thamani ya majumba ili upange kodi ya majengo. Nyumba ya Kidawa, iliyokuwa randi fifty-eight thousand, sasa imeandikwa one hundred and forty, na imeingizwa kwenye daraja la nyumba za kulaza wapangaji. Kodi yake ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Asiyeridhika alete pingamizi kwa maandishi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi jioni.

"Wapangaji gani?" Kidawa aliuliza. "Mimi na paka?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wa pilau. Nikaketi. Nikamweleza yote, swali lake na jibu langu. Kidawa alinitazama mdomo wazi.

"Bupe, umenipangishia wafiwa?"

Angenitukana ningeona nafuu. Aliuliza tu kitatokea nini asipolipa, nami nikamwambia ukweli, kwamba deni likikua sana nyumba hupigwa mnada. Akashika ukuta kwa kiganja, kama vile wameshakuja kuubeba.

Nilimpigia shekhe wao usiku huo huo. Alisema mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja ya lazima, mradi arudi kulala kwake. "Na mwambie," aliongeza, "nyumba ikinadiwa, hiyo eda ataikalia wapi?"

Ijumaa asubuhi tukapanda taxi kwenda mjini. Ilikuwa siku ya tisini na sita. Kidawa alivaa baibui lililopauka na kandambili, akashika mfuko wa plastiki wenye pasipoti, hati ya nyumba na zile barua. Kila tulipovuka robot, zile taa za barabarani, alinishika mkono, yeye aliyekuwa akipita kati ya malori ya Jacobs na beseni kichwani. Njiani nilimkaririsha maneno: walikuwa wafiwa, wala si wapangaji, mume wangu alifariki. Neno la mwisho aliliruka kila mara.

Kwenye ofisi ile daftari la thamani liko wazi mezani, raia yeyote anaruhusiwa kutazama. Nikatafuta mtaa, nikatafuta namba. Nilipofikia mstari wetu nikasimama. Ile one hundred and forty ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake wameandika sixty-one. Daraja nalo limefutwa na kurudishwa kuwa nyumba ya familia.

"Wameshapunguza," nilimwambia.

"Mungu mkubwa!" Kidawa akainua mikono. "Twende zetu nyumbani, Bupe. Nisipigwe jua bure."

Lakini mimi nimeishi katika miji, na sijaona mji unaopunguza kodi kwa kuota ndoto. Nikamfuata mama wa Kihindi aliyekuwa dirishani, mwenye miwani ya mnyororo, nikamwonyesha mstari. Tulizungumza Kiingereza. Akaenda nyuma, akarudi na faili.

"Pingamizi la nyumba hii lilikuja siku kumi na moja zilizopita," alisema. "Tumelikubali. Ilikuwa msiba, siyo biashara. Poleni sana. Mwenyewe alilia hapa hapa dirishani, tulimwonea huruma sote."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye nyumba. Bwana Shaweji."

Nilimwambia amekosea. Nikamwambia Shaweji ndiye aliyekufa. Yule mama akaligeuza faili upande wangu, akaweka kidole chini ya sahihi. Niliijua. Nilishaiona kwenye risiti zangu za simu mara mia, ile S yake yenye mkia mrefu unaozunguka jina zima.

"Anasemaje?" Kidawa alinivuta mkono. "Bupe, anasemaje?"

Nikamshika bega. Nikasema tu, "Da Kidawa, Shaweji yuko hai. Alikuja hapa siku kumi na moja zilizopita."

Nilitegemea apige kelele. Nilijiandaa kumdaka. Kidawa alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumtikisika, na aliposhusha mikono nikaona anacheka, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Yuko hai! Hardy aliona vibaya. Yuko hospitali gani? Amepoteza fahamu huyo, Bupe, ndiyo maana hajapata njia ya kurudi. Muulize yuko wapi!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshateremka chini ya sahihi ile, mahali palipoandikwa sababu ya pingamizi. Na mtu aliyepoteza fahamu haandiki namna ile. Nilisoma mara moja kwa macho, nikasoma mara ya pili. Nimetafsiri mengi katika kile kibanda changu cha simu, nimetafsiri vifo na talaka, lakini sijawahi kutafsiri neno zito kama lile.

"Soma," Kidawa alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Soma kama kilivyo."

Nikasoma. "Watu waliokutwa nyumbani kwangu hawakuwa wapangaji. Walikuja kwenye msiba wa mke wangu, Kidawa Makame, mwenye nusu ya nyumba hii, aliyefariki mwezi wa pili. Naomba thamani irudishwe ilivyokuwa, kwa kuwa nyumba nimeshaiuza na mnunuzi anangoja." Chini yake kulikuwa na karatasi ya kiapo iliyogongwa muhuri, na jina la shahidi. Shahidi alikuwa Hardy.

Kidawa alijishika kifuani, akajigusa shavu, akajigusa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayehakiki vitu vyake baada ya kuibiwa. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mlinzi alisogea. Nilisema mambo kwa Kinyakyusa ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Maana nilikuwa nimeshaelewa. Shaweji alijua dini ya mkewe kuliko shekhe. Alijua kwamba akifa, Kidawa atajifungia miezi minne na siku kumi, hatakanyaga mjini, barua zitakaa kabatini kati ya vikombe. Katika siku hizo aliweza kutembea Durban nzima mikono mfukoni, akauza nyumba, akaondoka. Alimfungia mkewe ndani kwa uchamungu wa mke mwenyewe, na ufunguo akaondoka nao! Kilichomponza ni pilau yangu. Bila jibu langu kwa yule kijana kodi isingepanda, mnunuzi asingeshtuka, na yeye asingelazimika kuja kulia dirishani.

Mama wa miwani alikuwa akitutazama. "Huyu ni nani?" aliuliza.

Nikamwomba Kidawa pasipoti. Akaitoa mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, akaipitisha chini ya kioo pamoja na hati. Yule mama akatazama picha, akatazama uso, akasoma jina, akatazama uso tena. Akavua miwani.

"Mungu wangu," alisema. "Ataingia hapa saa nane. Anakuja kuchukua cheti kwamba nyumba haidaiwi kodi. Bila hicho cheti nyumba haihamishwi jina."

Ilikuwa saa saba na nusu. Tukaketi kwenye benchi karibu na ukuta. Nilimwambia Kidawa mambo mengi katika nusu saa ile, polisi, wakili, shekhe, na nini nitakifanya kwa kisigino cha kiatu changu. Macho yake yalikuwa mlangoni. Mara moja tu aligeuka.

"Nilimswalia maiti asiyekuwepo," alisema. "Nimemwombea kila swala, Bupe. Tano kwa siku, hesabu wewe." Kisha akarudi kutazama mlango.

Saa nane na dakika chache Shaweji akaingia. Amenenepa. Amevaa shati jipya la mikono mifupi, na funguo anazizungusha kidoleni. Alitupita bila kututazama, maana nani humtazama mwanamke mwenye baibui lililopauka aliyekaa kwenye benchi la ofisi? Akaegemea dirisha, akatoa uso wake wa msiba.

"Shaweji," Kidawa aliita.

Alilijibu jina kabla ya kuitambua sauti. "Naam," akageuka. Kisha funguo zikamwanguka. Nimewaona watu wakishtuka, lakini yule bwana midomo iligeuka rangi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kioo.

"Kidawa," alisema. "Wewe... eda yako haijaisha."

Nawaapia, ndilo neno lake la kwanza. Nilicheka kwa hasira mpaka nikakohoa. Mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni, mama wa miwani alimpa ishara. Kupitia dirisha la upande wa barabara nikaliona gari la Hardy, na Hardy mwenyewe ndani, ametoa shingo nje anachungulia. Alipomwona Kidawa aliondoa gari robot ikiwa nyekundu.

"Sikiliza, mke wangu, nikueleze," Shaweji alianza, na sauti akaifanya ile ya simu za safarini. "Eish, sivyo unavyodhani. Nimepata lori. Lori langu mwenyewe, Kidawa, siyo la tajiri. Lakini lazima pesa taslimu. Ningekwambia tuuze nyumba ungekataa. Ningefanya kazi mwaka mmoja tu, nikurudie na nyumba kubwa kuliko ile. Wallahi ningerudi."

"Ungerudi kutoka wapi?" nilimwuliza. "Kaburini?"

"Bupe, haya ni ya mtu na mkewe."

"Mkewe si umemzika!"

Kidawa alininyamazisha kwa kiganja. Alipita mbele ya mumewe, karibu kabisa, akafika dirishani. Mama wa miwani akaanza kueleza polepole ili nitafsiri vizuri. Alisema cheti hakitatoka leo wala kesho, maana mmiliki wa pili yu hai na hajatia sahihi, na karatasi ya kiapo itapelekwa polisi. Hilo lilikuwa jema. Lakini kulikuwa na lingine. Pingamizi lililokubaliwa lilisimama juu ya uongo, kwa hiyo linafutwa, na thamani inarudi kuwa one hundred and forty pamoja na daraja la wapangaji. Ili isirudi, mmiliki wa pili aandike pingamizi lake mwenyewe, kabla ya saa kumi.

"Muulize fomu iko wapi," Kidawa alisema.

Ilikuwa karatasi moja tu. Mama yule aliamua kuijaza yeye kwa mkono wake, akiuliza, nami nikatafsiri. Jina. Namba ya nyumba. Vyumba vingapi. Wanaokaa ni wangapi? Mmoja. Shaweji nyuma yetu hakuacha kusema. Alisema wametoka mbali, alisema ni shetani, alisema dhahabu yake ya Pemba atamrudishia, bangili kwa bangili. Alipotaja dhahabu nikamwona Kidawa anafumba macho. Nikaogopa. Nilimjua, moyo wake ni laini, na yule mtu alikuwa fundi wa maneno.

"Siku afisa alipokuja," mama wa miwani aliuliza, "watu waliokuwemo walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuja msibani," Kidawa alisema.

Mama yule aliandika. Kisha kalamu yake ikasita. Alimtazama Kidawa, akamtazama Shaweji aliyesimama pale na shati lake jipya, na akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya kuuliza.

"Msiba wa nani?"

Nilitafsiri. Shaweji alinyoosha shingo asikie jibu. Kidawa aligeuka akamtazama, kuanzia viatuni mpaka usoni, bila haraka. Kisha akaligeukia dirisha, akaweka mkono juu ya kaunta.

"Wa mume wangu," alisema. "Aandike hivyo. Amezikwa Kongo."

"Na huyu?" mama wa miwani aliuliza.

"Huyu simjui," alisema Kidawa. "Mwambie zimebaki siku thelathini na nne za eda, nataka niwahi nyumbani."